Pipa Lisilotoa Machozi

Uliponiacha nilikuwa kwenye korido ya hospitali, nimeshika chupa ya maji nisiyoinywa, namsubiri fundi mkuu wa maabara anitokee na majibu ya wifi yangu.

Kama ndiyo kwanza unanifahamu, usisikitike, hukukosa raha yoyote. Duka langu la dawa liliungua. Mume wangu, aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani, akafa kabla majivu hayajapoa, akiamini kesho atatembea, maana ndivyo nilivyomwambia kila asubuhi. Ndugu zake walipokuja kunitoa kwenye nyumba, aliyesimama mlangoni na mkasi wake wa kushonea mkononi alikuwa wifi.

"Anayemtoa huyu anitoe na mimi," alisema.

Wakaondoka wakinung'unika. Tangu siku hiyo tunaishi wawili, yeye na cherehani yake sebuleni, mimi na kazi niliyoiokota baada ya msiba: kuuza vifaa vya maabara. Nazunguka hospitalini na vioo vya hadubini, nta, rangi za kupakia seli, na fomalini, ile dawa inayozuia nyama iliyokatwa mwilini isioze kabla haijapimwa.

Halafu wifi akapapasa titi lake la kushoto akakuta uvimbe. Daktari akakata kipande kidogo akakipeleka maabara. Nikajigamba: "Hiyo maabara ni wateja wangu. Majibu yako nitayafuata mwenyewe."

Basi nikayafuata.

Fundi mkuu tunamwita Mzee Wembe, kwa sababu anakata nyama nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Alitoka akivua glavu.

"Mama, ingia ukae."

Mtu wa maabara huwa anakujibu umesimama. Akikwambia kaa, mguu wenyewe unajua.

"Kipande cha wifi yako hakisomeki," alisema. "Nimekikata tena na tena. Kimekufa chote. Seli zimeyeyuka, huwezi kujua hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi."

"Maana yake nini, mzee?"

"Mara nyingi huwa ni uvimbe mkali. Unakua mbio mpaka damu haifiki ndani, unajifia wenyewe. Nimemwambia daktari wa upasuaji nilichokiona. Anasema hasubiri kipande kingine. Jumatatu anaondoa titi lote."

Sikulia. Nilimuuliza kama ana hakika, akasema hakika ni ya Mungu, yeye anaona kilicho kwenye kioo tu.

Nadhani alinihurumia, kwa sababu alitafuta neno la kunifariji. Laiti angenyamaza.

"Lakini mama, kwenye kazi yako hatuna lawama. Tena vijana wangu wanakuombea dua. Zamani tukifungua pipa la fomalini tulikuwa tunalia wote kama tumefiwa. Hili lako jipya, hata chozi moja!"

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Siku nilipolileta pipa hilo, Mzee Wembe alifungua kifuniko, akanusa, akaniangalia. "Mbona hii haiumi macho?" Jibu la kweli lilikuwa neno moja: sijui. Lakini muuzaji akisema sijui anaona kama amevua nguo mbele ya mteja. Nikacheka, nikapiga pipa kofi kama mgongo wa rafiki. "Mzee, hii ni ya kisasa! Kiwanda kimeondoa yale makali ya macho. Kazi ni ile ile."

Nililitunga hilo papo hapo, na nilijisikia hodari.

"Na mnaichanganyaje?" nilimuuliza sasa, sauti yangu ikiwa imepungua.

"Kama siku zote. Kikombe kimoja cha dawa, vikombe tisa vya maji."

Nyuma yake kulikuwa na rafu. Juu ya rafu, vikopo vidogo vya plastiki, kila kimoja na jina la mtu, na ndani ya kila kimoja kipande cha nyama kinaelea.

"Na hivi?"

"Vya wiki hii. Vyote vimelala kwenye dawa yako," alisema kwa fahari, kana kwamba ananipa zawadi.

"Cha wifi ndicho cha kwanza kutoka pipa jipya?"

"Cha kwanza kabisa. Mbona umepauka, mama?"

Nikamwambia ni joto. Akaniambia yeye anaondoka jioni hiyo, amefiwa na kaka yake, kijiji kiko mbali na simu haishiki, atarudi katikati ya wiki ijayo. Nikampa pole. Nilimpa pole kwa moyo wote, huku moyo huo huo ukinihimiza niondoke mbele yake haraka.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye stoo ya kampuni yetu. Mapipa yalikuwa yamepangwa ukutani, ya bluu, yana lebo ile ile tuliyoizoea miaka yote: fomalini kali, changanya na maji kabla ya kutumia.

Nikafungua moja. Nimeuza dawa maisha yangu yote, fomalini kali naijua. Ukiikaribia tu inakushika pua na macho, unarudi nyuma bila kupenda. Niliingiza uso wote nikavuta pumzi.

Kidogo tu, harufu ya mbali. Siku hiyo nilitamani kulia kuliko siku yoyote, na pipa likakataa kunisaidia.

Bosi alikuwa ofisini anakula karanga. Ni mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Watu wa namna hiyo sasa nawaogopa.

"Bosi, fomalini iliyoko stoo imeshachanganywa."

"Ndiyo."

"Ndiyo?"

"Kali ilikwisha kiwandani. Wakanipa ya tayari kutumika. Si sumu, si ya bandia. Ni dawa nzuri kabisa, usipoitia maji."

"Wenzako wanaitia maji! Imeshatiwa maji kiwandani, wao wanaongeza tisa juu yake! Hiyo si dawa tena, ni maji ya kuoshea vyombo! Nyama za watu zinaozea ndani ya vikopo!"

"Ungewaambia."

"Ningewaambiaje na lebo inasema kali?"

"Lebo zilikuja zimechanika. Nikabandika tulizonazo." Alimenya karanga nyingine. "Lakini wewe uliwaambia kitu. Mzee Wembe alinipigia kunipongeza. Eti kiwanda kimeondoa makali ya macho. Mimi hilo sikulisema. Mimi hata akili ya kulitunga sina."

Alikuwa amenishika pabaya. Lebo ni ya kwake, lakini aliyemfanya Mzee Wembe asitie shaka ni mimi. Pua yake ilimwambia ukweli, mdomo wangu ukamtoa kwenye njia.

"Wifi yangu anakatwa titi Jumatatu," nilisema. "Kwa sababu ya pipa hili."

Aliacha kutafuna. Kwa kweli alisikitika, au alijua kusikitika kunavyoonekana.

"Pole sana. Dada wa mume wako yule marehemu?"

"Ndiyo."

"Basi mama, mume hayupo, na uwifi umekwisha. Usijichimbie kaburi kwa ajili ya mtu baki. Ukisema, atakayefungwa si mwenye lebo. Ni mwenye maneno."

Nikamwambia: "Jumatatu asubuhi nitasema kila kitu. Kwa daktari, kwa wifi, kwa kila mwenye masikio."

"Sema," alijibu akitabasamu. "Mdomo ni wako."

Tabasamu lile lilitakiwa linitoe usingizini. Lakini hasira ina ujinga wake. Nilitoka nikibamiza mlango, nikidhani nimeshinda.

Sasa utaniuliza: kwa nini hukusema Ijumaa hiyo hiyo? Swali zuri. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshaondoka, mwisho wa wiki haonekani wala hapokei simu. Simu ya Mzee Wembe haikushika. Lakini wifi alikuwa nyumbani, hatua chache kutoka kitandani kwangu. Kwa wifi sina kisingizio.

Jumamosi nilimkuta kwenye cherehani. Alikuwa anashona blauzi ya rangi ya maziwa, na upande wa kushoto, kwa ndani, alikuwa ameweka mfuko mdogo wa duara.

"Wa nini huo?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Nitaujaza vitambaa. Nitoke hospitali nimekaa sawa, majirani wakose la kusema." Aliinua blauzi kwenye mwanga akaikagua kama kazi ya mteja. "Unaonaje, wifi? Nifanye kubwa kidogo? Si nafasi ndiyo hii!"

Alicheka. Mimi nikacheka naye, Mungu anisamehe.

"Wifi," nilianza.

"Abee."

Aliacha kukanyaga cherehani akanitazama. Nilimwona alivyosimama mlangoni na mkasi. Nikaona atakavyonitazama nikimaliza sentensi. Yeye ndiye mtu pekee duniani anayeniita wifi. Akiniacha, mimi ni nani?

"Chai yako imepoa," nilisema.

Jumapili nikajaribu tena. Nikasema mvua inakuja.

Basi ikafika Jumatatu, nami nikiwa na maneno yote kooni kama mwiba wa samaki.

Wodini nilimkuta ameshavaa gauni la hospitali, lile linalofungwa nyuma kwa kamba, anamfundisha mgonjwa wa kitanda cha pili namna ya kupunguza mikono ya nguo bila kuifumua. Nilimshika mkono nikamvuta dirishani. Nikamwambia.

Nilimwambia yote. Pipa, lebo, maji juu ya maji, nyama iliyooza kwa dawa na siyo kwa ugonjwa. Nikamwambia uvimbe wake unaweza kuwa mkali na unaweza kuwa wa kawaida, hakuna anayejua, kwa sababu kilichosomwa kwenye kioo ni uozo niliouuza mimi. Nikamwambia akatae leo, wakate kipande kingine, wakitie kwenye dawa ya kweli.

Nesi aliyekuwa anapima presha kitanda cha jirani alitikisa kichwa. "Dada, ndugu wote huwa hivi asubuhi ya upasuaji. Jana mmoja aliniambia mama yake ameota amepona."

"Mwite daktari!"

"Daktari ameshaingia, ana mgonjwa mezani. Wa pili ni huyu."

Wifi alinigeukia. Alikuwa ananisoma usoni kama anavyosoma kitambaa cha mteja anayeapa ni pamba tupu.

"Umeniambia maabara ile ni nzuri," alisema. "Umeniambia majibu utayafuata mwenyewe. Juzi umecheka na mimi. Leo nimevaa gauni ndiyo unaniambia haya?"

"Niliogopa."

"Uliogopa, au sasa ndiyo umeogopa?"

Mkono wake niliokuwa nimeushika, akauchomoa.

"Hiyo dawa kali," aliuliza, "mtu wa kawaida anaijuaje?"

"Inatoa machozi. Ukifungua tu. Hii niliyowauzia haitoi."

Akajitanda shuka juu ya gauni.

"Mimi nikiletewa kitambaa, huwa nachomoa uzi nauchoma moto kabla ya kukata; pamba inaungua, nailoni inayeyuka," alisema. "Maneno ya muuzaji siyasikilizi. Twende ukanioneshe hilo pipa. Lisiponitoa machozi, nakataa upasuaji, na wewe nitajua la kukufanya baadaye. Likinitoa..."

Hakumaliza. Alitangulia kutoka, na nesi akatufuata nyuma akituambia tuna dakika chache.

Nilitembea nikiwa mwepesi. Nilijua atanichukia. Lakini atanichukia akiwa mzima, na hilo lilinitosha. Nilikuwa karibu kuimba.

Stoo ya maabara iko mwisho wa korido ile ile. Mtunza stoo alikuwepo, anapangusa sakafu. Tuliposema tunataka kuona pipa la fomalini, hakuuliza kwa nini. Alisogea pembeni haraka, macho yake yakaenda dirishani yakarudi.

Pipa lilikuwa pale pale nilipoliweka. La bluu. Lebo ile ile.

"Fungua mwenyewe," nilimwambia wifi. "Usije ukasema nimefanya kiini macho."

Alizungusha kifuniko, akainama.

Alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Mikono ikaenda usoni. Nesi, aliyekuwa mlangoni, akaanza kukohoa. Mimi mwenyewe nilikuwa mbali kidogo na bado pua yangu iliwaka moto, macho yakajaa, yakamwagika mpaka kwenye kola.

Ilikuwa kali. Kali kama ile ya zamani.

"Hapana," nilisema. "Hapana, hapana, siyo hili. Wamebadilisha! Wewe," nikamgeukia mtunza stoo, "pipa langu liko wapi?"

"Si hilo hapo, dada? Hakuna pipa lililobadilishwa."

"Na ndoo ya dawa iliyochanganywa?"

Ndoo ilikuwa imepinduliwa kwenye sinki, imeoshwa, bado inachuruzika maji. Mlango wa maabara ulikuwa wazi, na rafu ya vikopo ilikuwa tupu. Mtunza stoo aliinama akaendelea kupangusa mahali pale pale palipokwisha kauka.

Wifi alifunga kifuniko taratibu. Alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya shuka, na nilimwona uso wake ukilainika. Hakukasirika. Ningeomba akasirike.

"Uzi umeungua, wifi," alisema.

"Nisikilize, naapa kwa kaburi la..."

"Usiape kwa kaka yangu." Alinishika shavu kwa kiganja chake chenye sugu za mkasi. "Nakujua. Ulimwambia atatembea kesho mpaka pumzi yake ya mwisho, na mimi nilikushukuru, maana alikufa akicheka. Sasa unataka kunifanyia na mimi. Hutaki nikatwe, ukatafuta hadithi. Tena nzuri, karibu niiamini. Lakini mimi nataka kupona. Usinidanganye tena."

"Safari hii ni kweli!"

"Kila safari huwa ni kweli," alisema, akatoka na nesi.

Nilibaki nimeshika ukingo wa pipa. Nilikuwa nimesema ukweli mtupu kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, na ukweli huo ulikuwa umemsukuma wifi yangu kwenye kisu kwa mkono wangu mwenyewe. Kama ningenyamaza angekwenda akiwa na hofu. Sasa anakwenda akiwa na hakika.

Hapo ndipo nilipofuata macho ya mtunza stoo dirishani.

Nje, kwenye uwanja wa nyuma, gari letu la kampuni lilikuwa linageuza. Namba zake nazijua kama jina langu. Bosi alikuwa kwenye usukani, anageuza polepole, mpole kama siku zote. Na nyuma, chini ya turubai ambalo halikutosha, ulionekana ubavu wa pipa la bluu, na pembeni yake boksi limejaa vikopo vidogo vya plastiki.

Wapo watu wenye majina yao kwenye vikopo vile, wako majumbani wanasubiri majibu. Pipa lile ndilo shahidi wangu wa pekee. Likitoka getini, litamwagwa mtaroni kabla ya saa sita, na hata Mzee Wembe akirudi hatakuwa na cha kunusa.

Niliangalia kushoto. Mwisho wa pili wa korido, wifi alikuwa ameshafika kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, amesimama wima, shuka mabegani. Nikikimbilia kwake nimzuie kwa mikono, nitamzuia kwa lipi? Sina ushahidi. Nesi ataita walinzi, nitatolewa nje, naye ataingia.

Niliangalia kulia, kwenye mlango wa kutokea uwanjani. Nikilikimbilia gari, huenda nikalipata. Lakini nikirudi na pipa, wifi atakuwa amelazwa mezani.

Njia mbili zilimshinda fisi. Na fisi alikuwa na njaa tu, mimi nina wifi mmoja.

Mlinzi wa geti akaanza kuinua chuma cha kuzuia magari. Mwisho wa korido, nesi akaita jina la wifi yangu kwa sauti ya kusoma, nami nikamsikia akiitika, bado anafuta machozi ya pipa:

"Nipo."